Injini katikati: Siri ya magari ya kasi ambayo Safari Rally iliyagomea

Na Mwandishi Wetu, Runzewe

ABIRIA aliyewahi kusafiri kwenye kiti cha mbele cha Toyota Noah ya zamani kutoka Runzewe hahitaji kuelezwa kwa kirefu injini ya katikati ni kitu gani. Ameikalia. Joto lake amelipata mapajani, na mngurumo wake ameusikia mwilini kabla ya kuusikia masikioni. Gari linapogoma njiani, dereva hafungui boneti, bali humwomba abiria ashuke, akanyanyua kiti, na injini ikaonekana hapo chini.

Noah hizo za toleo la kwanza, zilizotengenezwa Japan kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, ziliwekewa injini chini ya viti vya mbele, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya mbele. Kabla yake, Toyota Estima iliyotoka mwaka 1990 ilikuwa na mpangilio wa namna hiyo hiyo, injini yake ikiwa imelazwa kwa nyuzi 75 ili ipate kuenea chini ya sakafu. Lengo la wahandisi lilikuwa kupata nafasi ya abiria, si kukimbia.

Hata hivyo, wazo la kuuweka uzito wa injini kati ya ekseli mbili ndilo hilo hilo lililozaa magari ya kasi kubwa kuliko yote duniani, magari ambayo bei ya moja inaweza kujenga mtaa mzima wa nyumba. Ni wazo lililowahi kuletwa pia Afrika Mashariki, likajaribiwa kwenye vumbi na matope ya mashindano ya Safari Rally, na likarudi kwao bila kombe.

Makala haya yanaeleza wazo hilo linavyofanya kazi, linampa dereva nini, linamdai nini, na kwa nini barabara zetu hazikulikubali. Yanaeleza pia kwa nini jambo hilo linamhusu hata dereva wa Runzewe, ambaye huenda asiligusi gari la aina hiyo maishani mwake.

Maana ya injini katikati

Gari la kawaida lina ekseli mbili, ya mbele na ya nyuma. Injini ikikaa juu ya ekseli ya mbele au mbele yake, gari hilo huitwa la injini mbele. Ndivyo yalivyo magari mengi tunayoyaona mijini. Injini ikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, ni gari la injini nyuma, mfano wake ukiwa Volkswagen ya zamani yenye umbo la kobe, au Porsche 911.

Injini ikikaa kati ya ekseli hizo mbili, hilo ni gari la injini katikati. Katika magari ya kasi, injini huwekwa nyuma ya mgongo wa dereva na mbele ya ekseli ya nyuma. Mbele hubaki pua fupi iliyolala chini, na mahali ambapo gari la familia lingekuwa na viti vya watoto panakuwa na silinda sita, nane, kumi au kumi na mbili.

Faida ya kwanza ya mpangilio huo inaweza kuelezwa kwa mzega. Mchota maji anayebeba mti begani, ndoo moja mbele na nyingine nyuma, akitaka kugeuka ghafla huona ndoo zikimkatalia. Zinachelewa kuanza kugeuka, na zikishaanza zinataka kuendelea hata yeye akitaka kusimama. Akizichukua ndoo hizo hizo na kuzikumbatia kifuani, anageuka atakavyo. Uzito haukupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali ulipo.

Gari lenye injini mbele kabisa au nyuma kabisa linafanana na mtu mwenye mzega. Gari lenye injini katikati linafanana na aliyekumbatia ndoo. Dereva akigusa usukani, pua inageuka mara moja.

Faida ya pili ni mkanyago wa magurudumu ya nyuma. Katika magari mengi ya aina hii, karibu asilimia 60 ya uzito huelemea nyuma, ambako ndiko nguvu ya injini inakopelekwa. Gari likiondoka kwa kasi, matairi ya nyuma hung'ang'ania ardhi badala ya kuserereka. Wakati wa kufunga breki, uzito wa gari lolote husogea mbele. Gari ambalo pua yake ni nyepesi hubaki na uwiano mzuri, magurudumu yote manne yakishiriki kazi ya kulisimamisha.

Faida ya tatu ni umbo. Kwa kuwa hakuna injini mbele, wabunifu wanaweza kuishusha pua karibu na ardhi ili hewa ipite bila kuzuiwa.

Kutoka viwanja vya mashindano hadi barabarani

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1930, kampuni ya Auto Union ya Ujerumani ilikuwa ikishindana na magari yenye injini nyuma ya dereva. Mwaka 1959, Jack Brabham wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One akiendesha Cooper ndogo yenye injini katikati, na baada ya miaka michache hakuna timu iliyothubutu kurudi kwenye mpangilio wa zamani.

Kwa magari ya barabarani, mwaka unaotajwa zaidi ni 1966, pale Lamborghini ya Italia ilipoanza kuuza Miura, gari lenye injini ya silinda 12 iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti viwili. Umbo lake lilichorwa na Marcello Gandini, aliyekuwa mbunifu wa karakana ya Bertone. Tangu hapo, kampuni nyingi zilizotaka kutengeneza gari la kifahari la kasi zilifuata njia hiyo. Hata Chevrolet Corvette ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1953 na kubaki na injini mbele kwa zaidi ya miaka 60, ilihamishiwa injini katikati katika toleo lililozinduliwa mwaka 2019.

Dhahabu ndani ya chumba cha injini

Kwa msomaji wa ukanda huu wa dhahabu, gari moja linastahili kutajwa peke yake. Ni McLaren F1, lililotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1990 chini ya usimamizi wa mhandisi Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini.

Murray alikuwa na adui mmoja, naye ni uzito. Bodi ya ndani ya gari hilo ilitengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni, jambo ambalo halikuwa limefanywa katika gari la kuuzwa kwa matumizi ya barabarani. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,138, pamoja na injini ya BMW ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 6.1 na nguvu farasi zaidi ya 600. Dereva alikaa katikati, na abiria wawili wakakaa kushoto na kulia kwake, nyuma kidogo.

Injini kubwa namna hiyo, ikifungiwa mahali padogo nyuma ya watu, hutoa joto kali linaloweza kuharibu kaboni iliyo karibu nayo. Suluhisho la wahandisi lilikuwa dhahabu. Kuta za chumba cha injini zilifunikwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, takribani gramu 16 kwa kila gari, kwa sababu dhahabu hurudisha mionzi ya joto kwa kiwango kikubwa na haishiki kutu. Gramu 16 ni zaidi kidogo ya nusu ya wakia moja.

Watu wengi wa Geita na Bukombe huijua dhahabu kama bidhaa ya mizani, ya kuuza na ya kuvaa. Ndani ya McLaren F1 ilikuwa kifaa cha kazi, sawa na ubao unaozuia moto wa jiko usiunguze ukuta.

Mwezi Machi 1998, McLaren F1 lilifikia kasi ya kilomita 386 kwa saa katika njia ya majaribio ya Ehra-Lessien, Ujerumani. Hakuna gari la kuuzwa kwa matumizi ya barabarani lililoipita rasmi kasi hiyo hadi mwaka 2005. Miaka mitatu kabla ya jaribio hilo, mwaka 1995, gari la aina hiyo lilikuwa limeshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Yote yaliyotengenezwa ni 106 tu.

Pamoja na sifa hizo, McLaren F1 halikuwa na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga wakati wa breki, wala usukani wenye msaada wa mashine, wala kifaa cha kuzuia matairi kuserereka. Kati ya nguvu farasi hizo 600 na lami palikuwa na mguu wa dereva tu.

Tabia yake mikononi mwa dereva

Hapo ndipo penye upande wa pili wa wazo hili. Gari linalogeuka kwa wepesi pale dereva anapotaka, hugeuka kwa wepesi huo huo pale asipotaka.

Gari lenye injini katikati likiingia kwenye kona, mwanzoni linaweza kuonekana kama pua yake haitaki kugeuka, kwa kuwa ni nyepesi na matairi ya mbele hayana mzigo wa kutosha. Dereva mzoefu hulijua hilo. Huendelea kugusa breki kidogo anapoanza kukata kona ili uzito usogee mbele na matairi yashike. Kisha hulikanyagia mafuta taratibu kadiri kona inavyofunguka.

Dereva asiye mzoefu hufanya kinyume. Huingia kona kwa kasi, katikati anaogopa, anauondoa mguu ghafla kwenye mafuta. Mara moja uzito unahama kutoka nyuma kwenda mbele, matairi ya nyuma yanapungukiwa mzigo, na mkia unaanza kutoka nje. Katika gari lenye injini mbele, jambo hilo mara nyingi huja polepole na dereva hupata muda wa kurekebisha. Katika gari lenye injini katikati, mkia huchelewa kuachia, lakini ukiachia, gari zima huzunguka kama pia. Muda wa kurekebisha ni mfupi mno.

Magari ya leo ya aina hii yana kompyuta zinazopima mzunguko huo na kufunga breki gurudumu moja moja kabla dereva hajatambua kwamba amekosea. Msaada huo ni mkubwa, lakini kompyuta hutumia mshiko wa matairi uliopo. Haiwezi kuongeza mshiko ambao barabara haina.

Safari Rally yaamua

Swali la kama wazo hili lingefaa kwenye barabara za Afrika Mashariki lilipata majibu yake hadharani.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, njia yake ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 ikaitwa East African Safari, na ilipofika katikati ya miaka ya 1970 ikabaki ndani ya Kenya peke yake. Haikuwa mashindano ya mwendo wa nusu saa katika njia iliyofungwa. Ilikuwa maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, usiku na mchana, katika barabara zenye ng'ombe, malori, mito iliyofurika na vumbi la kuziba macho.

Washindi wake walikuwa magari ambayo wazazi wetu waliyafahamu kama magari ya kazi. Mwaka 1966 na 1967 kombe lilichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Volkswagen, Mercedes-Benz, Volvo, Ford na Datsun nazo zilishinda kwa nyakati tofauti.

Kisha ikaja Lancia Stratos. Gari hili la Italia lilibuniwa mahususi kwa ajili ya rali, umbo lake likichorwa na Gandini yule yule wa Miura. Lilikuwa na injini ya Ferrari ya silinda sita, lita 2.4, iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti viwili. Uzito wake haukufikia kilo 1,000, na toleo la barabarani lilikuwa na nguvu farasi 190 hivi. Ndani ya milango yake kulikuwa na mifuko mipana ya kuwekea kofia ngumu za dereva na msaidizi wake. Yaliyotengenezwa hayakufika 500.

Umbali kati ya ekseli zake ulikuwa sentimita 218 tu. Kwa kulinganisha, Peugeot 504 iliyotumika kwa miaka mingi kama teksi na gari la familia katika nchi zetu ilikuwa na sentimita 274. Ufupi huo uliongeza wepesi wa Stratos kiasi kwamba katika njia nyembamba za milimani barani Ulaya halikuwa na mpinzani. Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji kwa miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976.

Mwaka 1975 Stratos ililetwa Kenya, dereva wake mkuu akiwa Sandro Munari wa Italia. Gari lenye kasi kuliko yote katika rali duniani likakutana na barabara ngumu kuliko zote. Munari alimaliza wa pili, na Bjorn Waldegård wa Sweden, naye akiwa na Stratos, akamaliza wa tatu. Aliyeshinda ni Ove Andersson, pia wa Sweden, akiendesha Peugeot 504, ndugu wa ile teksi.

Mwaka 1977 Munari alijaribu tena akamaliza wa tatu. Safari hiyo mshindi alikuwa Waldegård, aliyekuwa amehamia kwenye Ford Escort, gari lenye injini mbele.

Miaka ya 1980 ilileta magari makali zaidi. Lancia 037, lenye injini katikati, lilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983. Peugeot 205 Turbo 16, lenye injini katikati na nguvu kwenye magurudumu yote manne, lilifanya hivyo mwaka 1985 na 1986. Katika Safari Rally, hata hivyo, miaka yote mitatu ya 1984, 1985 na 1986 ilikwenda kwa Toyota Celica yenye injini mbele na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Matokeo bora ya Lancia 037 hapo yalikuwa nafasi ya tatu, mwaka 1986, kwa Markku Alén wa Finland. Mwaka huo huo, baada ya ajali zilizoua madereva na watazamaji barani Ulaya, kundi hilo la magari lilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1987.

Safari Rally ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurejea mwaka 2021, Sébastien Ogier wa Ufaransa akishinda kwa Toyota Yaris. Kuanzia 1953, orodha ya washindi ina magari ya injini mbele kwa wingi, na ya injini nyuma machache. Gari la injini katikati halimo.

Kwa nini lilishindwa

Rali haishindwi kwa sababu moja. Pancha, mvua na bahati vina sehemu yao. Lakini ukiangalia jinsi gari lilivyoundwa, baadhi ya mambo yanajieleza.

Kwanza ni urefu. Wepesi wa Stratos kwenye kona za Ulaya ulikuwa mzigo kwenye nyika iliyonyooka. Gari fupi likipiga shimo kwa gurudumu moja kwenye mwendo mkali, pua hubadilika mwelekeo, na dereva hulazimika kulirekebisha kila sekunde kwa masaa mengi. Gari refu kama 504, lenye springi laini zinazopanda na kushuka sana, lililipita shimo hilo hilo na kumwacha dereva na nguvu za kesho.

Pili ni joto na vumbi. Injini ya mbele hupokea upepo moja kwa moja kupitia rejeta. Injini iliyofungiwa katikati hutegemea hewa inayoletwa kwa njia za kuzunguka, na magurudumu ya mbele yenyewe huirushia vumbi na matope.

Tatu ni ufundi. Sehemu nyingi za injini ya katikati zimebanana. Katika mashindano ambayo dakika za matengenezo huhesabiwa, na fundi anafanya kazi kwa tochi kando ya barabara, gari linalofunguka kirahisi lina faida.

Nne ni thamani ya kasi yenyewe. Katika njia ya kilomita 20, sekunde moja ni mali. Katika maelfu ya kilomita, gari linalokimbia kidogo chini ya mwenzake lakini halisimami ndilo hufika mbele. Waswahili waliliona hilo zamani waliposema mwenda pole hajikwai, ingawa Andersson kwa hakika hakuwa anakwenda pole.

Funzo kwa barabara yetu

Runzewe imo wilayani Bukombe, iliyokuwa Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Barabara kuu inayotoka Isaka kupitia Kahama na Ushirombo hupita hapa kuelekea Lusahunga na mpaka wa Rusumo, ikibeba malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Kando yake zipo njia za moramu ziendazo vijijini na kwenye machimbo. Gari la kasi lenye uwazi wa sentimita kumi au kumi na mbili chini ya tumbo lake lingekwama kwenye tuta la kwanza la barabarani.

Lakini kanuni zinazolitawala gari hilo ndizo zinazoitawala Noah iliyojaa. Tofauti ni kwamba mwenye gari la kasi alilipia mahali uzito ulipo, na dereva wa abiria hupanga mahali uzito ulipo kila asubuhi, kwa mikono yake.

Wahandisi waliweka injini ya Noah chini na katikati, na uwiano wa gari ukatulia. Magunia yakipangwa juu ya paa, uwiano huo umevunjwa. Kitovu cha uzito kimepanda, na gari lililokusudiwa kukata kona limekuwa gari la kupinduka. Mizigo yote ikirundikwa nyuma ya ekseli ya mwisho, dereva amejitengenezea mzega. Pua inakuwa nyepesi, usukani unalegea, na kwenye moramu mkia unaanza kutangatanga.

Kosa la kuondoa mguu ghafla katikati ya kona nalo halichagui gari. Kwenye moramu kavu yenye changarawe zinazoviringika, tairi la Noah lililochakaa lina mshiko mdogo kuliko la gari la mashindano kwenye lami. Kanuni ya madereva wa Safari Rally inafaa hapa neno kwa neno: punguza mwendo kabla ya kona, ingia kwa utulivu, toka kwa mafuta ya taratibu. Breki ya kushtukia ndani ya kona ni dawa iliyochelewa.

Aidha, mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Dereva anayetoka kilomita 50 kwenda 100 kwa saa hajaongeza hatari mara mbili kama anavyodhani. McLaren F1 lilikuwa na breki na matairi ya kubeba hesabu hiyo. Gari la abiria lililopita mikono ya wamiliki watatu, likiwa na shokapu zilizokwisha na watu wawili zaidi ya viti vilivyopo, halina.

Gari la injini katikati ni mafanikio makubwa ya uhandisi. Limeonyesha kwamba hata kabla ya kuongeza nguvu, mtu anaweza kupata mwendo kwa kupanga vizuri uzito alionao. Barabara za Afrika Mashariki nazo ziliwaonyesha mabingwa wa dunia kwamba utii wa gari bila uvumilivu hautoshi.

Msomaji anayepanda gari hapa Runzewe hana haja ya kuuliza lina nguvu farasi ngapi. Aangalie mzigo umewekwa wapi, matairi yana meno kiasi gani, na dereva anafanya nini anapoiona kona. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yaliyomtofautisha aliyefika Nairobi na aliyebaki porini, na ndiyo yatakayoamua kama naye atafika salama.